Buck 110 au Buck ya China?

Ukimwagiza mgeni wa Kilimanjaro akupitie Walmart, lile duka kubwa la Marekani, akuletee kisu cha kukunja cha Buck, mtajie kabisa ipi, maana rafuni humo zipo za Idaho, jimbo la Marekani kilipo kiwanda cha Buck, na za China. Ya China bapa lake limeandikwa hivyo hivyo, “China”.

Buck 110 ipo tangu 1964: mpini wa mbao, ncha za shaba ya njano, siku hizi chuma cha pua aina ya 420HC, na kufuli la mgongoni linalolia “tak!” ukiifungua. Ila ina takriban gramu 200. Ukifika Barafu, kambi ya juu mlimani, utaijua.

Ya China ni nafuu, na nyingi ni nyepesi. Kwa kitunguu na kamba inatosha. Lakini baadhi zina chuma laini, jiwe la kunolea halikai mbali.

Mimi 110. Dhamana ya maisha ya Buck usiihesabu. Nani atume kisu Idaho kutoka Moshi?