Kifuniko cha kitanzi cha kuvutia kwenye Discovery 3: kopi mpya au orijino ya mtumba?

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama una Land Rover Discovery 3 na kifuniko cha kitanzi cha kuvutia gari, pale inapofungwa kamba likiharibika, kimepotea kwenye bampa ya mbele, tafuta orijino ya mtumba kabla hujanunua kopi mpya. Nimevitumia vyote viwili kwenye gari moja, hapa hapa Mombasa, na tofauti yake si ya sura. Tazama kama kitafunguka siku utakayokihitaji, na kama kitabaki mahali pake ukishakirudisha.

Kwa asiyelijua gari hili: kitanzi chenyewe ni cha chuma, kimeshikana na gari moja kwa moja, hukitoi kwenye buti ukakikaza kama vile vya magari madogo. Kiko chini, katikati ya bampa, na mbele yake pana kipande cha plastiki cha kukiziba. Kipande hicho kinashikwa na vifungo viwili vya kuzungusha, na vijino vyake vinaingia kwenye bampa. Kila kifungo kina mfuo usoni. Unatia sarafu, unazungusha robo duara kinyume na mwendo wa saa, kifungo kinaachia. Ndiyo kazi yote. Huhitaji spana wala kulala chini ya gari, na mimi kwa hilo nawapa heko waliolibuni, kwa sababu anayekwama usiku Miritini, malori yakimpita ubavuni, hana nafasi ya kutafuta vifaa.

Gari langu nililinunua likiwa halina kifuniko cha mbele, na sikushangaa. Ukisimama kwenye foleni ya Likoni ukayatazama magari yaliyo mbele yako, utahesabu mashimo mengi matupu kwenye bampa. Feri ina lawama yake: maji yakipwa, mteremko wa kuingilia unakuwa mkali, na kinachogusa kwanza ni ule ukingo wa chini wa bampa, hapo hapo kilipo kifuniko. Discovery yenye sasupensheni ya hewa inakupa njia: inyanyue kabla ya kushuka gatini, kisha iteremshe ukishavuka. Wengi hawafanyi hivyo, na plastiki ndiyo inayolipa. Mchanga nao una sehemu yake. Gari linalokwenda ufukweni Shanzu au Diani linarudi na mchanga kwenye kila upenyo, na kifungo kilichojaa mchanga ama hakizunguki, ama kinaonekana kimefunga kumbe hakijafunga.

Nilianza na kopi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Niliinunua kwenye duka moja mjini na bei yake ilikuwa ya kuvutia. Ikiwa mkononi ilionekana sawa. Tatizo lilianza kwenye vifungo: mashimo yake yalikuwa mapana kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo kifungo kilizunguka bila kung'ata. Plastiki nayo ilikuwa nyembamba. Gari likikaa juani mchana mzima, na jua la Mombasa mnalijua, katikati palivimba kwa nje na upande mmoja ukaacha mwanya unaopitisha kidole. Ukikisukuma kinarudi, kesho kiko vile vile. Muuzaji alinishauri nikibandike kwa gundi. Ushauri huo siukubali hata kidogo. Kifuniko kilichogandishwa kwa gundi kinakunyima kitanzi, na siku ya shida utakivunja kwa bisibisi pamoja na kipande cha bampa.

Nilikuwa karibu kukiacha hivyo hivyo mpaka fundi wa Bondeni anayenitazamia gari alipochuchumaa mbele yake, akakigusa kwa vidole viwili, akaniambia, "Ami, hiki hakitafika Mtwapa. Nitafutie cha gari lililovunjwa, hata kama kimechakaa, mradi vijino vyake vizima." Nikakipata kwa watu wanaouza spea za magari yaliyokatwa. Kilikuwa na mikwaruzo, kina vumbi, na kifungo kimoja tu. Kifungo cha pili tulikitafuta peke yake.

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Fundi alikisugua kwa maji na sabuni, akatumia mswaki mkuukuu kwenye mifuo ya vifungo mpaka mchanga ukaisha, halafu akapaka grisi ya silikoni kidogo sana, kiasi cha ncha ya kidole. Grisi ya kawaida aliikataa. Alisema inanata, na kinachonata pwani kinageuka msasa. Kabla ya kukipachika alipitisha tochi ndani ya tundu, akaonyesha kutu iliyoanza kwenye kitanzi chenyewe. Tukaikwangua kwa brashi ya waya, tukaipaka rangi ya kuzuia kutu. Hewa yetu ina chumvi, na tundu lililokaa wazi muda mrefu linaijaza chumvi hiyo mpaka ndani. Nilikuwa nakitazama kifuniko kama pambo la bampa. Kumbe kinakinga chuma utakachokitegemea.

Kurudisha ndiko kunakohitaji subira kuliko kutoa. Watu wengi hukibandika chote kwa pamoja na kukipiga kofi. Usifanye hivyo. Anza na upande wenye vijino: viingize vyote, hakikisha hakuna kilichopanda juu ya ukingo wa bampa, na hapo kifuniko kitajilaza chenyewe. Kisha bonyeza upande wa vifungo kwa kiganja, huku umekishika kisirudi nyuma, ndipo uzungushe kifungo cha kwanza robo duara, halafu cha pili. Kifungo kikikaa vizuri unasikia kimegota, na sarafu haiendi tena. Kikiwa laini, kinazunguka tu bila kukataa, hakijashika. Toa, tazama mchanga, rudia. Mwisho pitisha ukucha ukingoni mwote. Mwanya ukiwa sawa pande zote, umemaliza. Mimi nimetia alama ndogo ya rangi nyeupe kwenye kila kifungo, ili hata mtu mwingine akilichukua gari aone kwa jicho kama vimefunga.

Jambo moja tuliloliongeza wenyewe, na nalipenda kuliko yote, ni mshipi. Fundi alitoboa tundu dogo upande wa ndani wa kifuniko, mahali pasipoonekana, akapitisha mshipi mnene wa kuvulia samaki na kuufunga nyuma ya bampa, umeachwa mrefu wa kutosha kifuniko kining'inie pembeni bila kuzuia kitanzi. Sasa hata vifungo vikiachia barabarani, kifuniko kinabaki na gari. Mshipi haushiki kutu, haupatwi na kitu kwa maji ya chumvi, na unapatikana kila mahali hapa kwa bei ndogo. Ila ufungwe mbali na gurudumu na mbali na sehemu yenye joto.

Nitoe na tahadhari, kwa sababu nimeona watu wakitaka kukitumia kitanzi hiki kwa kazi isiyo yake. Kitabu cha gari kinasema wazi kwamba vitanzi vya mbele na nyuma ni vya kuvuta gari lililoharibika barabarani, basi. Gari lililozama mchangani halivutwi pale kwa mshtuko wa kamba ya kunyumbuka. Nguvu inayoingia ni kubwa mara nyingi zaidi, na chuma kikikatika kinaruka kama risasi. Bola la kuvutia trela nalo lisitumike kwa kazi hiyo. Kama mambo yako ni ya ufukweni na matope ya Shimba Hills, fungisha sehemu maalumu za kunasulia zenye kiwango cha uzito kilichoandikwa, na kila anayetazama akae mbali na kamba.

Kwa magari mengine utaratibu ni tofauti. Dada yangu ana Subaru Forester, na yake ni kifuniko kidogo kilichobanwa kwa vijino tu. Ile inachokolewa kwa bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa ili rangi isichubuke, na plastiki ikiwa kavu kwa uzee, imwagie maji ya moto kwanza ilainike. Kitanzi chake kiko kwenye buti pamoja na vifaa vya jeki. Kinaingizwa kwa kuzungushwa mpaka nyuzi zake zisionekane kabisa, halafu kinakazwa sawasawa kwa kipande cha chuma. Kisipofika mwisho kinaweza kupinda au kuchomoka gari likivutwa.

Tukirudi kwenye kununua. Discovery 3 ilitoka mwaka 2004 na ikapokewa na Discovery 4 mwaka 2009, na bampa zao za mbele si moja. Muuzaji akikuambia cha 4 "kinaingia tu", mwombe akijaribishe kwenye gari lako kabla hujatoa pesa. Ukitafuta mtandaoni, kumbuka Marekani gari hili liliuzwa kwa jina la LR3, kwa hiyo spea nyingi zimeorodheshwa hivyo. Pale dukani kigeuze kifuniko utazame mgongo wake, maana uso hauna la kukuambia. Hesabu vijino, bonyeza kila kimoja kwa kidole gumba uone kama kina ufa kwenye shina, tia kifungo kwenye tundu lake uone kama kinacheza. Mikwaruzo ya usoni isikusumbue. Kijino kimoja kilichokatika kinatosha kukufanya uache na uondoke.

Orijino yangu ya mtumba imepita feri mara nyingi, imepita masika yenye madimbwi ya kufika bampani, na ninaifungua kila gari linapooshwa kwa maji baridi baada ya safari ya pwani. Haijalegea. Kifuniko cha nyuma sijakibadilisha, nilikisafisha tu, na vifungo vyake vinazunguka vizuri. Ninachotafuta sasa ni jozi ya vifungo vya akiba, na ukikutana na muuzaji anayeviuza bila kifuniko, chukua na vyako, maana ndivyo vinavyokwisha kabla ya kitu kingine chochote.