Huduma ya kontena la kifusi, Malindi

Tulipobomoa ukuta wa mawe ya matumbawe katika nyumba ya mama mtaani Shela, nilikodi kontena la kifusi linaloletwa na lori lenye kulabu, na hivyo nikapata kuiona kazi ya dereva kwa karibu. Kabla ya kulishusha, alitoka, akatazama nyaya za umeme juu, akaupima mchanga kwa kisigino, kisha akatandika mbao nene mahali magurudumu ya kontena yangekanyaga ili yasizame. Ndipo akainua mkono wa lori wenye kulabu, nalo kontena likateleza taratibu hadi chini bila kuugusa mwarobaini wetu. Nilifurahi sana kuuona uangalifu ule.

Siku ya kuliondoa alikataa kulivuta mpaka tupunguze mawe yaliyopita ukingo na kulifunika kwa turubai, kwa kuwa kifusi cha matumbawe ni kizito na vumbi lake huwaingia machoni waendesha bodaboda walio nyuma. Fundi wetu alinung'unika, lakini dereva alikuwa na haki kabisa.

Kasoro ni ya ofisi, iliyomchelewesha siku nzima bila kunipigia simu, ilhali kontena lilikuwa limeziba nusu ya njia ya majirani. Nitawakodi tena, kwa sharti aje dereva yuleyule.