Uzoefu wangu na pikapu mbili za dizeli hapa Malindi: ya zamani na ya kisasa

Biashara yangu ni ya kusambaza samaki, na ninaiendesha kwa pikapu mbili. Moja ni Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya 5L, lita 3 bila turbo, ambayo pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta yoyote. Nyingine ni ya kisasa, ya kampuni tofauti, yenye turbo, nozeli za umeme na kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi. Kwa nguvu na kwa unywaji wa mafuta, hii ya pili inaishinda ya kwanza kwa mbali.

Kilichonisumbua ni hicho kichujio. Masizi yakijaa, injini huongeza dizeli ili moshi ufikie joto la nyuzi 600 hivi na kuyaunguza, jambo linalotaka gari liende kasi kwa muda bila kuzimwa. Pikapu inayoshinda baina ya soko, hoteli za Casuarina na Mambrui, ikizimwa kila kituo, haipati nafasi hiyo. Taa ya onyo iliwaka, kisha pikapu ikajipunguzia nguvu hata ikawa inatambaa na mzigo wa barafu. Fundi alipochomoa kijiti cha oili, tulikuta oili imepita alama ya juu na inanuka dizeli, kwa sababu mafuta yale ya kuunguzia masizi, kazi inapokatizwa, huteremka kando ya pistoni na kuifanya oili iwe nyepesi, na oili ya namna hiyo huua beringi.

Tatizo hili halina kampuni moja. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba Hilux, Prado na Fortuner za dizeli zilizouzwa huko kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 zilikuwa na kasoro katika mfumo wa kichujio.

Nilishauriwa nikitoboe kichujio, nikakataa katakata. Moshi wa dizeli ulitangazwa mwaka 2012 na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kuwa husababisha saratani, nami sikubali kuwapulizia watu wa sokoni ninaokula nao.

Hilux nayo ina maradhi yake: moshi mweusi ikipewa mzigo, na kutu ya hewa ya chumvi inayotafuna chesisi kimyakimya. Hata hivyo, spea zake zinapatikana, na mafundi wengi wa hapa wanaijua. Kwa mizunguko ya mjini naiamini kuliko ile mpya, ambayo sasa naituma Garsen na Mombasa, na huko haijanilalamikia.

Anayetaka kununua pikapu ya kisasa iliyotumika aingize kidole kwenye mdomo wa bomba la moshi kabla ya kuiwasha. Kidole kikitoka cheusi kwa masizi, yaelekea kichujio kimepasuka au kimetobolewa, na bei hiyo isikubaliwe.