Nyumba ya Herschel kule Bath, nenda ukaone sakafu

Jamani nilikuwa Bath, Uingereza, kila mtu ananiambia nenda kaone mabafu ya Warumi, mi nikanyoosha hadi namba 19 New King Street, makumbusho ya William Herschel, yule mtazama nyota wa zamani. Kwa nje nyumba ya kawaida tu, imebanana na za jirani, ukizubaa unaipita.

Nisikudanganye, darubini utakayoikuta ni nakala, ila ukikaa nayo karibu ndo unaelewa: bomba la mbao kama mita 2, kioo kiko kule chini kabisa, halafu jicho unaweka ubavuni karibu na mdomo wa juu, sio nyuma kama darubini ya nahodha. Na hicho kioo ni shaba na bati vimeyeyushwa pamoja, kikififia unakisugua upya ndo king'ae. Herschel alikuwa anasugua masaa mpaka dada yake Caroline anamlisha matonge mdomoni, maana mikono haiachi kazi.

Sasa karakana ya nyuma ndo iliyonimaliza. Agosti 1781 jamaa alitaka kioo cha karibu mita nzima, kalibu likatengenezwa kwa mavi ya farasi, na aliyeyatwanga kwenye kinu na kuyachekecha ni huyo huyo Caroline, mama mfupi wa futi 4 na inchi 3, wakipokezana na kaka yao Alexander. Mara ya kwanza kioo kikapasuka kikipoa. Mara ya pili madini yakavuja yakiwa ya moto, yakamwagika chini, mawe ya sakafu yakaanza kulipuka na kuruka hadi darini, watu wakatimua mbio kila mmoja na mlango wake. Nyufa zipo mpaka leo! Nimechuchumaa nikazitazama kama mtu aliyeangusha hela.

Caroline baadaye akalipwa na mfalme pauni 50 kwa mwaka, akagundua nyota zenye mkia 8, kwa hiyo msimwite msaidizi tu bana.

Vaa viatu vya kupanda ngazi, watoto wachangamfu washikeni mikono. Kabla hujaondoka pitia bustanini huko nyuma, ndipo Herschel alipoiona sayari ya Uranus tarehe 13 Machi 1781, akadhani nayo ni nyota yenye mkia. Mi nilifika mchana, mawingu kama yote, nikaangalia juu hivyo hivyo.