Siku Moja Marangu: Maporomoko Mazuri, Ratiba Mbovu

Mwezi uliopita nilinunua safari ya siku moja kutoka Moshi hadi Marangu kwa wakala mmoja wa utalii ambaye sitamtaja jina. Tangazo lake liliahidi maporomoko matatu ya maji, mapango ya kale ya Wachagga, karakana ya wahunzi wa eneo la Mamba, kahawa inayotwangwa na kukaangwa mbele ya mgeni, chakula cha mchana, na picha kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Mtu mwenye akili timamu angehesabu saa kabla ya kulipa. Mimi nilihesabu vivutio.

Gari lililotakiwa kunichukua saa moja na nusu asubuhi lilifika saa tatu kasoro dakika kumi, kwa sababu lilizunguka kwanza kukusanya abiria wengine watano. Ucheleweshaji huo ulikuwa na gharama yake, kwani Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana vizuri asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajaifunika. Tulipofika Himo na kuiacha barabara kuu ili kuanza kupanda, mlima ulikuwa umekwisha kujificha, na haukuonekana tena siku hiyo hata kwa dakika moja. Hata hivyo, njia yenyewe inapendeza: joto na vumbi la Himo havijasahaulika bado, na tayari abiria wanapandisha vioo vya madirisha na kutafuta masweta.

Tulianza na maporomoko ya Kinukamori, ambayo yako karibu sana na Marangu Mtoni na yanafaa kwa wazee na watoto. Hapo ndipo panaposimuliwa habari za Makinuka, msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa, akaenda kujirusha kwenye maporomoko kwa kuogopa adhabu, akabadili nia, lakini alipogeuka ili arudi akakutana uso kwa uso na chui, akarudi nyuma kwa hofu na kutumbukia. Sanamu za msichana huyo na chui zipo pale pale. Mwongozaji wetu, kijana mzaliwa wa Marangu, aliisimulia hadithi hiyo kwa utulivu, bila zile mbwembwe za kuwachekesha wageni, na nilimheshimu kwa hilo.

Safari yenyewe hasa ilikuwa kati ya hapo na Kilasiya, maporomoko ya pili, mwendo ambao tangazo halikuutaja hata kwa neno moja. Tulipita kwa miguu katikati ya vihamba, yaani mashamba ya kifamilia ya Wachagga, kahawa ikiwa imejificha chini ya migomba, mipaka ikiwa imepandwa mimea ya masale, na mifereji ya maji ikikatiza njia kila baada ya hatua chache. Kwenye mfereji mmoja tulimkuta mzee mwenye jembe akiondoa tope na vipande vya mgomba vilivyoziba mdomo wa mchepuko, kwa kuwa zamu yake ya maji ilikuwa imefika. Maji yalisita kidogo, yakazunguka jani moja kavu, kisha yakaingia shambani kwake kwa sauti ndogo. Tulimwamkia.

“Marahaba, wanangu. Mnakwenda kuangalia maji?”

“Ndiyo, mzee. Tunakwenda Kilasiya.”

“Haya nayo ni maji,” alisema, akaendelea na kazi yake.

Ningekaa pale nusu saa nzima nikiuliza jinsi zamu hizo zinavyogawanywa, lakini dereva alikuwa amekwisha kumpigia simu mwongozaji mara mbili akihimiza tuharakishe.

Mteremko wa kuingia kwenye korongo la Kilasiya ni mkali, na udongo wake mwekundu unateleza hata siku isiyo na mvua. Viatu vyangu vilikuwa vimelika soli. Nisingefika chini salama kama mwongozaji hangenikatia fimbo na kunitangulia hatua moja mbele. Chini ni baridi, manyunyu yanalowesha nguo kabla hujayafikia maji yenyewe, na mngurumo unawalazimisha watu kusemezana kwa ishara. Tulipewa dakika kumi na mbili. Nilizipima kwa saa yangu.

Baada ya hapo kila kitu kilikuwa mbio. Mapango, ambayo watu walijificha nyakati za vita na Wamasai, tuliyapitia kama wanaotafuta kitu walichodondosha. Kwa wahunzi tuliona mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikifanya kazi, tukaondoka kabla chuma hakijapata umbo. Mtori wa ndizi na nyama tuliokula saa tisa alasiri ulikuwa mzito na mtamu, na kahawa sina la kuilalamikia. Lakini maporomoko ya tatu, Ndoro, yalifutwa bila maelezo, na wakala hakuwa ametueleza kwamba viingilio havikuwamo kwenye bei, hivyo kila mmoja akatoa fedha za ziada. Nilipodai nirudishiwe sehemu ya malipo niliahidiwa kupigiwa simu. Bado naisubiri.

Anayetaka kwenda namshauri apande daladala ya Marangu asubuhi na mapema pale Moshi, ashuke Marangu Mtoni, na atafute mwongozaji mwenyeji mwenye kitambulisho, wakubaliane bei na viingilio kabla ya kuanza kutembea. Maporomoko mawili yanatosha kabisa kwa siku moja. Kati ya Machi na Mei, wakati wa masika, maji huwa mengi lakini njia ni tope tupu, kwa hiyo viatu vyenye meno ni lazima, na nguo za kubadili zisisahaulike.

Mwongozaji nampa nyota tano kati ya tano, na nilimwachia bahashishi bila kuombwa. Wakala nampa mbili, moja ikiwa ya mtori.