Sprengel Museum, Hannover: chumba kilichonifundisha kuisoma picha ya El Lissitzky

Kabla sijahamia Ujerumani nilikuwa naprinti fulana Kariakoo, kwa hiyo picha yoyote iliyochapwa naitazama kwanza kwa jicho la fundi: rangi zimekutana au zimeachana? Mwaka jana nilinunua nakala ya picha moja ya El Lissitzky, msanii wa Urusi, michemraba na mistari inayoelea hewani, nikaitundika sebuleni. Shemeji akauliza, "Juu yake ni wapi?" Sikuwa na jibu.

Nimelipata hapa Sprengel, makumbusho ya sanaa ya Hannover. Ukifika, usianzie kwenye fremu. Ingia Kabinett der Abstrakten, chumba cha sanaa isiyochora vitu halisi, alichokibuni Lissitzky mwenyewe mwaka 1927 kwa ajili ya makumbusho ya mji huu, akialikwa na mkurugenzi Alexander Dorner. Kuta zimepangwa vibanzi vyembamba vya chuma, vimesimama wima, upande mmoja vyeupe, upande wa pili vyeusi. Nilipiga hatua tatu, ukuta mweupe ukawa wa kijivu, mara mweusi. Nikarudi, nikapita tena. Lissitzky alisomea usanifu wa majengo Darmstadt, na picha zake hizi, alizoziita Proun, alizieleza kama kituo cha kubadilishia gari kati ya uchoraji na usanifu. Picha haina juu wala chini kwa sababu wewe ndiye unayetakiwa kuizunguka, kama unavyozunguka nyumba.

Chumba cha awali kilivunjwa na Wanazi mwaka 1937, mwaka uleule walipozianika kazi za namna hii hadharani kama sanaa iliyooza. Hiki kimejengwa upya. Nilisimama mle nikiwaza: michemraba mitupu, na bado watawala waliiogopa kiasi hicho!

Sasa karatasi. Mwaka 1923 Kestner Gesellschaft, jumuiya ya sanaa ya hapohapo Hannover, ilitoa seti ya Proun, litografia sita, nakala 50 tu. Litografia unachora kwa mafuta juu ya jiwe, unalowesha maji, wino unashika penye mafuta peke yake. Sogea karibu, mwanga ni hafifu maana karatasi huliwa na mwanga. Utaona weusi si mmoja: upo mzito kama masizi, na upo wenye chembechembe, jiwe limeacha ngozi yake pale. Nakala yangu imeufanya wote kuwa mmoja.

Jumatatu hawafungui. Tenga saa mbili.

Niliporudi nyumbani niliigeuza ile ya sebuleni. Shemeji akija ataikuta imelala ubavu.