Furikake ipi ununue kwanza? Ladha sita za kunyunyizia wali, kuanzia iliyo bora

Siku ambayo jikoni hakuna mchuzi, maharage wala samaki, Mjapani hupika wali mweupe, hufungua pakiti ndogo, hunyunyiza kilichomo juu ya bakuli na kuanza kula. Kinachonyunyizwa huitwa furikake, jina litokanalo na kitenzi cha Kijapani chenye maana hiyohiyo ya kunyunyiza juu ya kitu, na kwa kawaida ni mchanganyiko mkavu wa ufuta, mwani, samaki wakavu, chumvi, sukari na ladha ya mchuzi wa soya. Katika duka kubwa la kawaida hapa Osaka, ninakoishi, rafu ya furikake hujaa aina nyingi kiasi cha kumchosha mgeni kabla hajachagua. Kwa miezi kadhaa nimenunua pakiti moja baada ya nyingine na kuzijaribu zote kwa njia moja: bakuli la wali wa moto usiotiwa chumvi wala mafuta, na kijiko kimoja cha chai cha furikake. Nilichokuwa nikitafuta ni kama wali huo unalika hadi punje ya mwisho bila mlaji kutamani kitoweo kingine.

Kipimo hicho kinaendana na asili ya furikake yenyewe. Katika enzi ya Taisho, iliyoanza mwaka 1912 na kuisha 1926, mfamasia wa Kumamoto aitwaye Yoshimaru Suekichi alitaka kuwaongezea watu kalsiamu, akasaga mifupa ya samaki na kuichanganya na ufuta, mbegu za mpopi na mwani ili iweze kulika pamoja na wali. Bidhaa iliyotokana na wazo lake inaitwa Gohan no Tomo, yaani rafiki wa wali, na bado inatengenezwa na kampuni ya Futaba ya Kumamoto.

Nafasi ya kwanza naipa furikake ya katsuo, ambayo kwenye pakiti nyingine huandikwa okaka. Katsuo ni samaki wa jamii ya jodari ambaye huchemshwa, hufukizwa kwa moshi na kukaushwa kwa awamu nyingi mpaka anakuwa mgumu kama kipande cha ubao, kisha huparuzwa kuwa vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga. Miji ya Makurazaki na Yaizu inajulikana sana kwa kazi hiyo. Mtu aliyekulia pwani yetu, ambako harufu ya ng'onda humfikia mpita njia kabla hajaliona duka, hahitaji kufundishwa kuipenda. Ukiinyunyiza juu ya wali unaofuka, vile vipande vya rangi ya kahawia hunywea mvuke, hulala juu ya punje na kuachia harufu ya moshi na soya kwa pamoja, na ufuta unabaki peke yake ukivunjika menoni. Utamu wake mzito, ambao si ule wa sukari, una sababu inayoeleweka: mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda alionyesha kuwa ladha ya mchuzi wa mwani aina ya kombu inatokana na glutamati, kemikali ya asili inayoleta utamu huo, na mwaka 1913 Shintaro Kodama akaipata nyingine ya aina hiyo, inosinati, ndani ya katsuo mkavu. Viwili hivyo vikikutana mdomoni, ladha inakuwa kali kuliko jumla ya kila kimoja, na ndiyo maana kijiko kimoja tu kinatosha bakuli zima.

Hata hivyo, si kila pakiti yenye picha ya samaki inastahili nafasi hiyo. Orodha ya viambato nchini Japani hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, kwa hiyo tafuta ile ambayo samaki anatajwa mwanzoni. Nilizozijaribu ambazo sukari ilitangulia zilikuwa tamu kwa vijiko viwili vya kwanza, kisha wali ukaanza kukinaisha.

Ya pili ni ya shiso nyekundu, na inayofahamika zaidi ni Yukari ya kampuni ya Mishima ya Hiroshima, iliyoingia sokoni mwaka 1970. Shiso ni mmea wa jamii moja na mnanaa na mrehani, na majani yake mekundu ndiyo yanayoyapa rangi matunda machachu ya Kijapani yaitwayo ume, yanayotiwa chumvi. Majani hayo hukaushwa na kusagwa kuwa unga wa zambarau iliyoiva, wenye uchachu, chumvi na harufu ambayo sijaikuta kwenye mmea mwingine wowote. Mimina kidogo juu ya wali wenye mvuke, usikoroge, subiri nusu dakika: kila punje inayogusana na unga itazungukwa na duara la rangi ya waridi. Hapo ndipo uonje.

Nilisita sana kabla ya kuiweka ya pili, kwa kuwa kwa matumizi inaishinda katsuo. Haina samaki, haina mayai, na kwa hiyo inamfaa hata asiyekula nyama kabisa. Inachanganyika vizuri na wali wa kufinyangwa wa onigiri, haiharibiki ndani ya chakula cha kubeba, na ukiitikisa pamoja na matango yaliyokatwa vipande ndani ya mfuko, baada ya dakika kumi unapata kachumbari safi. Ndiyo pekee niliyoona inastahimili wali wa nazi, kwa sababu uchachu wake unakata mafuta ya tui. Nyingine zote humezwa na nazi. Kilichoishusha ni chumvi: mkono ukiteleza, bakuli limeharibika, ilhali katsuo inasamehe. Anayefuatilia shinikizo la damu aipime kwa ncha ya kijiko.

Wajapani wengi wangenilaumu kwa kuiweka Noritama katika nafasi ya tatu. Kampuni ya Marumiya iliitoa mwaka 1960, ikiunganisha mwani wa nori na mayai, vitu viwili vilivyohusishwa na kifungua kinywa cha nyumba za wageni za kijadi, wakati ambapo yai halikuwa chakula cha kila siku kwa familia nyingi. Chembe za manjano ni tamu, laini kidogo, na watoto huzipenda mno. Kama unamnunulia mtoto, ipandishe hadi nafasi ya kwanza bila kufikiri mara mbili. Kwa mtu mzima utamu wake unatangulia mno. Tena, nori inalowa upesi: inavyonguruma menoni sekunde ya kwanza sivyo inavyokuwa dakika mbili baadaye, kwa hiyo nyunyiza kidogo, kula, kisha ongeza.

Baada ya hizo tatu, tofauti zinapungua. Ya samaki wa samoni ni ya nne, ya upole, na ningeipendekeza katika aina yenye unyevunyevu, kwa kuwa ile kavu kabisa inabaki na rangi ya samaki kuliko ladha yake. Ya tano ni ya wasabi, inayochoma puani badala ya ulimi, na atakayetarajia ukali wa pilipili atashangaa jinsi unavyopotea haraka. Inapendeza zaidi juu ya ochazuke, wali uliomiminiwa chai ya moto, kuliko juu ya wali mkavu. Katika kundi hili utakuta Otona no Furikake ya kampuni ya Nagatanien, yaani furikake ya watu wazima, inayouzwa tangu 1989 katika vipakiti vya mlo mmoja mmoja, utaratibu unaomfaa sana anayeishi peke yake. Ya sita ni ya tarako, mayai ya samaki yaliyotiwa chumvi, ambayo ni nzuri kwa tambi zenye siagi lakini juu ya wali inaacha chumvi tupu. Zile zinazoigiza ladha ya mchuzi wa binzari au nyama ya ng'ombe sikuzipa nafasi, kwa kuwa zilinikumbusha tu chakula ambacho sikuwa nacho.

Kwa Mwislamu, suala la viambato halipaswi kuahirishwa hadi nyumbani. Furikake nyingi zina mirin, ambayo ni pombe tamu ya mchele, au dondoo za nyama ambazo jina la pakiti halizitaji. Tafuta maandishi みりん kwa mirin, 酒 kwa pombe na 豚 kwa nguruwe, na usitegemee picha ya mboga iliyo mbele. Kuhusu mzio, sheria ya Japani inalazimisha kutajwa kwa mayai, maziwa, ngano, kamba na karanga, lakini ufuta na soya vinapendekezwa tu bila kulazimishwa, nao ufuta umo karibu katika kila pakiti. Maziwa nayo hujitokeza mahali usipoyatazamia, kwa mfano ndani ya chembe za mayai.

Kwa bei, pakiti ya gramu 20 hadi 30 hapa huuzwa mara nyingi kati ya yen 100 na 200, na nakushauri usinunue kubwa zaidi ya hiyo, hata kama hesabu ya kila gramu inaonyesha nafuu. Katika msimu wa mvua wa mwezi Juni niliacha pakiti ya katsuo ikiwa imefungwa nusu tu karibu na sufuria ya wali. Baada ya siku nne ilikuwa imeganda bonge moja, na nori imekuwa laini kama karatasi iliyolowa. Anayeipeleka Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, aihamishie kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana siku hiyohiyo anapoifungua, aiweke kwenye friji, na achote kwa kijiko kikavu mbali na mvuke wa sufuria.